Siafu Hawasemi Yote: Maswali Yenu Kuhusu Kuchagua Sehemu ya Picha

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: namna ya kutenga sehemu ya picha ili uishughulikie hiyo tu, mengine yabaki yalivyo. Wengi wenu mnatumia GIMP, toleo la 2.10 au 3.0, na wachache Photoshop, zote programu za kuhariri picha. Majina ya menyu tumeyaacha jinsi yanavyosomeka kwenye kioo, maana tukikwambia ubofye "Nyoya" utaitafuta hadi kesho.

Nimechora mraba mdogo wa uteuzi nikautia Feather (kufifisha ukingo) ya 40. Ule mstari wa siafu wanaotembea, yaani vikato vinavyozunguka uteuzi, ukatoweka kabisa. Nikabonyeza Delete nikidhani hakuna kilichochaguliwa, lakini pakafutika kidoa cha ukungu, tena kikubwa kuliko mraba wenyewe. Programu imeharibika?
*Mwanafunzi wa usanifu, Morogoro*

Programu ni nzima. Wanaokudanganya ni siafu. Kila pikseli ya picha ina namba yake ya uteuzi, kuanzia 0 mpaka 255. Yenye 0 haijachaguliwa, yenye 255 imechaguliwa yote, na yenye 128 imechaguliwa nusu: ukifuta inafutika nusu, ukipaka rangi inashika nusu. Siafu hupita kwenye mpaka wa nusu tu, pale uteuzi unapovuka asilimia 50. Mraba wako mdogo, ukishatiwa Feather ya 40, umetawanyika kama tone la wino kwenye maji. Hakuna pikseli iliyobaki na nusu, kwa hiyo siafu hawana pa kupita, ingawa uteuzi upo. Photoshop hukuonya kwa kisanduku hali hiyo ikitokea. GIMP hukaa kimya.

Mstari huu ulibuniwa na Bill Atkinson kwa ajili ya MacPaint, programu ya kuchorea iliyotoka na kompyuta ya Macintosh mwaka 1984. Kioo cha Macintosh ile kilikuwa na nyeusi na nyeupe basi. Pikseli ama imo ama haimo, hapakuwa na nusu, na siafu walisema kweli yote. Sisi tumerithi mstari uleule kwa picha zenye mamilioni ya rangi.

Ukitaka kuuona uteuzi wenyewe, kwenye GIMP bonyeza Shift+Q, yaani Quick Mask. Sehemu ambazo hazijachaguliwa zitafunikwa wekundu, zilizochaguliwa zitabaki safi, na pale uteuzi unapofifia wekundu nao utafifia. Hapo chukua brashi: nyeupe huongeza uteuzi, nyeusi hupunguza, kijivu huacha nusu. Bonyeza Shift+Q tena, siafu warudi. Kabla ya kufuta chochote, ipitie Shift+Q mara moja. Ni sekunde mbili.

Kuhusu hiyo 40: Feather huhesabiwa kwa pikseli, haijui picha yako ni kubwa au ndogo. Kwa picha yenye upana wa pikseli 4000, Feather ya 2 au 3 inatosha kulainisha ukingo wa nguo. Kwa picha ya 800, hata 1 inaonekana.

Shikamooni. Mteja wangu ana nywele za afro, nimempiga mbele ya ukuta wa krimu, naye anataka nyuma iwe bluu iliyokoza. Nikitumia Fuzzy Select anatoka kama aliyevaa kofia ya plastiki. Nikiongeza Threshold, inakula na shavu.
*Binti wa studio, Tanga*

Marahaba, binti. Fuzzy Select huanza na Threshold ya 15, yaani kiasi cha tofauti ya rangi inachovumilia, na hutafuta pikseli zinazofanana na ile uliyobofya na zinazogusana nayo. Ncha ya unywele si nyeusi wala si krimu, ni mchanganyiko wa vyote viwili ndani ya pikseli moja. Chombo kinachojibu "imo" au "haimo" hakina jibu kwa pikseli ya namna hiyo. Unahitaji zile namba za katikati, na picha yako tayari inazo ndani ya chaneli zake.

Fungua Colors, kisha Components, kisha Decompose, uchague RGB na uhakikishe kisanduku cha kugawa kwa matabaka kimewekwa tiki. Itafunguka picha mpya ya kijivu yenye matabaka matatu: nyekundu, kijani na bluu. Zima na washa macho ya matabaka, utafute lile ambalo nywele zimeachana zaidi na ukuta. Krimu ina uhaba wa bluu, kwa hiyo kwenye tabaka la bluu ukuta utakuwa umefifia na kukaribia nywele, achana nalo. Kwenye nyekundu ukuta utang'aa, lakini kama nywele zimepigwa na mwanga wa jua na kuwa na hudhurungi kidogo, ncha zake nazo zitapanda. Mara nyingi kwa ukuta wa krimu ni kijani kinachoshinda. Ungempiga mbele ya anga, ungechukua bluu bila kufikiri.

Nakili tabaka ulilochagua, kisha fungua Colors, Levels. Sogeza pembetatu nyeusi kuelekea kulia mpaka kati ya nywele pawe peusi tii, anzia 40. Sogeza nyeupe kuelekea kushoto mpaka ukuta uwe mweupe, jaribu 180. Hapa ndipo wengi huharibu: wanazibana pembetatu hizo hadi zinakaribia kugusana, kijivu chote kinakufa, na kofia ya plastiki inarudi. Ncha za nywele ziache na kijivu. Kama upande mmoja wa ukuta una kivuli, usilazimishe Levels moja ifae pande zote; zungushia upande ule kwa Free Select, utie Feather ya 50, uushughulikie peke yake.

Sasa Colors, Invert. Nywele zimekuwa nyeupe, ukuta mweusi. Kwa brashi ngumu nyeupe jaza uso, shingo na nguo. Kwa nyeusi futa mabaki ya ukuta yaliyo mbali na nywele. Ukifika kwenye ncha zenyewe weka brashi chini, uchukue Dodge / Burn, Shift+D. Weka Exposure kwenye 15. Dodge ikiwa kwenye Highlights hung'arisha nywele zilizokwisha kuwa nyeupe na kuacha ukuta. Burn ikiwa kwenye Shadows hutia giza ukuta bila kugusa nywele. Pita juu ya ukingo uleule kwa zote mbili, mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi.

Ukiridhika, bonyeza Ctrl+A na Ctrl+C. Rudi kwenye picha ya rangi, ubofye kulia kwenye tabaka, Add Layer Mask, uchague nyeupe. Maski ni pazia: penye nyeusi picha hufichwa, penye nyeupe huonekana. Hakikisha maski ndiyo iliyobofywa, si picha, kisha Ctrl+V. Ulichobandika kitaelea, Ctrl+H hukituliza. Chini yake weka tabaka jipya lililojazwa bluu iliyokoza.

Ukikuza picha hadi asilimia 200 utaona utando hafifu wa krimu kwenye ncha. Ni rangi ya ukuta iliyonaswa ndani ya zile pikseli mchanganyiko, na hakuna uteuzi wowote utakaoitoa, maana umbo liko sawa, rangi ndiyo si yake. Basi badili rangi. Bofya picha yenyewe safari hii, si maski. Chukua brashi laini, shika Ctrl na ubofye kati ya nywele ili kuchota rangi yake, weka Mode kuwa Darken only na Opacity 40, upake juu ya ncha zote bila woga. Rangi ikimwagikia ukutani haidhuru, kwa kuwa ukuta umefichwa na maski.

Neno moja la pembeni. Kama picha ni ya viza ya Marekani, usifanye lolote kati ya haya. Hawapokei picha iliyobadilishwa kwa programu. Mpige upya mbele ya ukuta mweupe.

Brashi yangu haichori kitu. Rangi nimechagua, tabaka ni sahihi, lakini kioo kimya.
*Karani, Mombasa*

Una uteuzi uliousahau pembeni, labda wa pikseli tatu nne uliotokana na kubofya kwa bahati mbaya, nao unazuia brashi kufanya kazi nje yake. Shift+Ctrl+A huondoa uteuzi wote. Pia huenda siku moja ulibonyeza Ctrl+T, inayoficha siafu bila kuondoa uteuzi, ibonyeze tena. Bado? Angalia kama tabaka lina kufuli la alfa (alfa ni uwazi, na kufuli lake huzuia kupaka penye uwazi), kama kuna kitu kinachoelea juu ya orodha ya matabaka, au kama Opacity ya brashi imeshuka hadi 0.

Nina picha ya mama aliyejifunga kanga nyekundu. Nataka nionyeshe wateja ingekuwaje kwa kijani, bila kumpiga tena. Fuzzy Select inachukua kipande kimoja kimoja, na Select by Color inachukua kanga, midomo na hata viganja.
*Mbunifu wa mavazi, Zanzibar*

Kanga ni mtihani mzuri kwa vyombo hivi. Wekundu wa mji umekatwa na mauwa, umezungukwa na pindo, umechomwa na herufi za jina, kisha juu ya yote hayo kuna mikunjo. Kwa Fuzzy Select kila kisiwa cha rangi ni mbofyo wake, kwa sababu hairuki mpaka. Kwa hiyo Select by Color ndiyo sahihi, Shift+O, ila usiiachie uwanja wote.

Anza na Free Select, kitufe F, uzungushe mstari wa ovyo nje kidogo ya kanga, ukihakikisha uso haumo. Viganja vikiwa juu ya kanga, shika Ctrl uvizungushie ili vitoke. Kisha chukua Select by Color na kwenye "Select by" badili Composite kuwa LCh Hue. Composite hulinganisha nyekundu, kijani na bluu za pikseli, kwa hiyo wekundu wa kwenye mkunjo wenye kivuli huonekana kama rangi nyingine kabisa. LCh Hue hutazama aina ya rangi tu, haijali mwanga. Shika Shift na Ctrl kwa pamoja halafu ubofye wekundu: vitufe hivyo viwili huacha tu kile kilichomo ndani ya mzunguko wako wa kwanza na kinachofanana na rangi. Usiachie kitufe cha kipanya upesi. Kiburute kwenda chini au kulia, Threshold ipande mbele ya macho yako, na ukizidisha urudi juu.

Utaona pia vidoadoa kwenye herufi nyeusi za jina na kwenye nyeupe ya mauwa. Nyeusi, nyeupe na kijivu hazina aina ya rangi iliyo thabiti, kwa hiyo LCh Hue huzibahatisha. Usipoteze saa nzima kuzisafisha: unachobadilisha ni aina ya rangi, na nyeusi ukiizungusha unavyotaka hubaki nyeusi.

Tia Feather ya 1, kisha Colors, Hue-Saturation, usogeze Hue hadi 120. Kijani kitakachotoka kitawaka kama plastiki ya sokoni, maana jicho huona kijani kuwa king'avu kuliko nyekundu. Punguza Saturation kwa 20 hivi na Lightness kwa 15, ndipo itafanana na kitambaa. Kazi haitaishia hapo: kwenye kidevu na mkononi kuna mng'ao mwekundu ulioakisiwa na kanga ya zamani, na mteja mwenye jicho atauona. Upunguze kwa brashi laini yenye Mode ya HSV Saturation na rangi ya kijivu, Opacity 15.

Nauza viatu mtandaoni. Msambazaji hunitumia picha kwa WhatsApp, mimi natoa nyuma. Ukingo wa kiatu unatoka na ngazi ngazi, na nikihifadhi, nyuma inarudi kuwa nyeupe.
*Muuza viatu, Dar es Salaam*

Una matatizo mawili, ndugu yetu, na yote mawili yana uhusiano na JPEG.

Kwanza ngazi. JPEG huigawa picha kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana, kama inavyobanwa njiani ikipita WhatsApp, hupunguza rangi kuliko mwanga: pikseli nne jirani huweza kugawana rangi moja. Jicho halitambui, lakini chombo kinachochagua kwa rangi kinafuata hizo nne nne kama mtu anayepanda ngazi. Mwambie msambazaji akutumie picha kama Document, si kama Photo. Hapo faili hufika lilivyo.

Hata hivyo, kiatu si kazi ya rangi. Kina ukingo mgumu na umbo la kudumu, kwa hiyo kichoree mstari kwa Paths, kitufe B. Kuza hadi asilimia 200. Weka nukta pale tu mviringo unapobadilika: ncha ya kidole, kona ya soli, mwanzo wa kisigino, mdomo wa kiatu. Bofya na uburute palepale ili mikono ya nukta itokee na mstari upinde. Kiatu kizima hakihitaji zaidi ya nukta 20. Ukifika 60 mstari utatetemeka kama mkono wa mlevi. Pita pikseli moja ndani ya ukingo, si juu yake, ili usibebe rangi ya sakafu. Kufunga mstari, shika Ctrl ubofye nukta ya kwanza, kisha Enter, nao utageuka uteuzi.

Tundu kati ya kamba au chini ya kisigino kirefu lichoree njia yake peke yake, halafu kwenye dirisha la Paths bofya kulia juu yake uchague Subtract from Selection. Njia zenyewe zihifadhi ndani ya XCF, faili la GIMP yenyewe. Msambazaji akileta rangi nyingine ya kiatu kilekile kwa pembe ileile, kazi yako ni kusogeza tu.

Pili, nyuma kurudi nyeupe. JPEG haina uwazi, kwa hiyo lazima ijaze kitu. Toa kwa PNG kupitia File, Export As. Na kabla hujafuta, tazama kama tabaka lina chaneli ya alfa: Layer, Transparency, Add Alpha Channel. Bila hiyo, Delete haitoboi picha, inamwaga rangi ya nyuma iliyo kwenye kisanduku cha rangi. Afadhali usifute kabisa: Add Layer Mask, uchague Selection, na kilichokatwa kimakosa utakirudisha kwa brashi nyeupe.

Kiatu kisichokanyaga kitu huonekana kinaning'inia. Chini yake ongeza tabaka jipya, chora duara bapa kwa Ellipse Select, Feather 30 kwa picha ya pikseli 1500, jaza nyeusi, Opacity 35.

Kwenye Photoshop natumia Select Subject, inayomchagua mhusika yenyewe. Mkulima ameshika jembe: mwili imemchukua, mpini umekatika katikati na vidole viwili havipo. Nikienda Select and Mask na kupaka ile brashi ya kusafisha ukingo, mkono unazidi kuliwa.
*Mchapaji wa fulana, Kisumu*

Select Subject ni kibarua mwepesi wa mwanzo, si wa kumalizia. Iache ifanye mwili, kisha chukua Polygonal Lasso, shika Shift, na uubofye mpini kwa nukta nne. Kitu kilichonyooka hakihitaji akili ya mashine. Vidole uviongeze kwa Q, ambayo ni Quick Mask ya huku, kwa brashi nyeupe yenye Hardness ya 80 hivi.

Refine Edge Brush ipakwe kwenye nywele, manyoya na majani tu. Inadhani kila inapopita kuna ukingo wa kijivu, kwa hiyo ukiipaka kwenye mkono inautoboa mkono. Uliyokwisha kuharibu, ipake tena ukiwa umeshika Alt, itarudisha. Decontaminate Colors iwashe mwisho kabisa, na Output To iwe New Layer with Layer Mask, kwa kuwa hubadilisha rangi za pikseli zenyewe. Kabla ya kufunga faili, Select, Save Selection, uipe jina, halafu uhifadhi kwa PSD (faili la Photoshop yenyewe) au TIFF. Ukihifadhi kwa JPEG, uteuzi huo haubaki.

Kwa fulana kuna tofauti moja na kazi ya mtandaoni: kama unachapa kwa skrini, wino wa kawaida haujui nusu. Tia Threshold, ambayo huku hugeuza kijivu chote kuwa nyeusi au nyeupe, kwenye chaneli ya uteuzi uliohifadhi uone ukingo utakavyochapika, kabla hujachoma fremu.

Sina kompyuta, nina simu tu na bando dogo. Naweza?
*Msomaji, Kigoma*

Fungua Photopea kwenye kivinjari. Hufanya kazi bila kusakinisha kitu, hufungua PSD na hata XCF, na picha yako hushughulikiwa ndani ya simu yako badala ya kupandishwa kwenye seva, kwa hiyo bando huliwa na kuufungua ukurasa wenyewe. Menyu zake zimefuata za Photoshop. Kwa kidole tumia Quick Selection kwa sehemu kubwa. Ukitaka kuchora njia za Pen, tafuta kipanya cha kuchomeka kwenye simu kwa kiunganishi cha OTG, kidole kinaziba palepale unapotaka kuona.